Nilivyombana Askari Mahakamani

Mimi ni mwalimu mstaafu, wakili wa nini? Siku ya kesi yangu ya kuendesha gari nimelewa nilivaa koti la harusi yangu, nikamhoji mwenyewe askari aliyenikamata, mbele ya hakimu wa Lushoto. Gari langu halikuyumba. Boha, ile pombe yetu ya miwa, niliifunika harufu kwa kutafuna karafuu. Basi nikamuuliza, kwa sauti yangu ya darasani, aliona nini hata akanipulizisha kipimo cha ulevi. Nilijua hana jibu.

Kijana akainamisha kichwa. “Mheshimiwa, mzee huyu alinifundisha darasa la tatu. Nilisogea dirishani nimwamkie, akaniwahi yeye. Alisema, ‘Shikamoo, baba.’”