Njia ya Recho Isiyotaka Injini

Jua halijachomoza vizuri Mbwawa, mjini Kibaha, na Recho Ndaki ameshaanza kugombana na gari.

Gari lenyewe ni pikapu nyeupe iliyosheheni maji baridi, ndizi na keki. Pembeni yake wamesimama waendesha baiskeli ishirini na kitu kutoka Dar es Salaam, kaptula zimewabana, miwani ya rangi usoni, kama kundi la panzi lililopata mfadhili. Kiongozi wao, Evance, mtu wa ofisini mwenye baiskeli nyepesi ya kunyanyuliwa kwa mkono mmoja, anambembeleza mwenyeji wao.

"Dada Recho, gari litakuja nyuma yetu taratibu. Hata hutalisikia."

"Mimi sitalisikia, kaka. Mwenye shamba atalisikia," Recho anajibu huku akikaza cheni ya baiskeli yake, Foniksi ya kizamani. "Lizunguke na lami, tukutane Kisarawe mjini. Ndizi bebeni mifukoni. Au kaptula hizo hazina mifuko?"

Hazina. Wenyewe wanacheka. Dereva wa pikapu, kijana mpole anayeitwa Hussen, anageuza gari na kuondoka.

Hii ndiyo kazi ya Recho, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja: kuwapitisha watu wa baiskeli kwenye njia za changarawe kutoka Mbwawa hadi vilima vya Kisarawe bila kukutana na gari hata moja. Mtu aliyekulia miteremko ya Kilimanjaro akiviona vilima hivyo ataviita matuta. Akivipanda kwa baiskeli saa tano ya mchana, atavitafutia jina lenye heshima zaidi.

Recho hakuzaliwa Pwani. Baba yake, mzee Ndaki, alishuka na ng'ombe kutoka Usukumani hadi bonde la mto Ruvu binti huyu akiwa bado anabebwa mgongoni. Alipomaliza kidato cha nne, alipewa Foniksi na kazi ya kupeleka maziwa Mlandizi, lita arobaini kwenye karia, mvua inyeshe au jua liwake.

"Barabara ya Morogoro ndiyo iliyonifundisha dini," anasema. "Basi likikupita pale na maziwa yako, unasali sala zote unazozijua na za jirani pia."

Akaanza kutafuta njia za nyuma. Akazijua zilizo ngumu kama sakafu na zile ambazo mchanga humeza tairi. Siku moja akawakuta watu wawili wa Dar wamepotea na baiskeli zao, akawatoa porini. Wiki mbili baadaye walirudi na wenzao, tena wakataka kupotezwa makusudi.

Leo kila mgeni analipa shilingi elfu ishirini, na sehemu ya fedha hiyo inakwenda kwa wanawake wanaowapikia njiani. Mlandizi walimcheka sana mwanzoni.

"Waliniambia, 'Recho, ng'ombe wameisha, sasa unachunga watu?' Nikawajibu, hawa angalau hawali mihogo ya mtu."

Mihogo hiyo ilikuwa na mwenyewe. Katikati ya njia, upande wa Kisarawe, kuna shamba la mzee Mwinyimadi, Mzaramo wa mikorosho na mihogo, ambaye amegombana na wafugaji miaka nenda rudi. Pasipo shamba hilo njia inakatika vipande viwili, na wageni wanarudi kwenye lami kugombania pumzi na malori. Pasipo shamba hilo, Recho hana kazi.

Alikwenda kumwomba peke yake. Kilichomwokoa ni utani, maana Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani hafukuzwi kabla hajatukanwa kidogo.

"Msukuma asiye na ng'ombe!" mzee alimpokea. "Ngoja niite watu waje waone. Unaumwa?"

"Shikamoo, mtani. Naomba njia ya baiskeli."

"Marahaba. Baiskeli pita. Ng'ombe, hapana. Injini, hapana. Gari la mkaa liliniangushia mikorosho miwili hapa kwa kurudi nyuma, na vumbi likaua maua ya iliyobaki. Siku nikikuta gari humu, nitalaza tawi njiani. Ukiliona tawi, geuza. Tumeachana."

Ndiyo maana Recho aligombana na pikapu asubuhi.

Saa nne, msafara unapanda kilima cha mwisho kabla ya shamba. Recho yuko mbele na Foniksi yake isiyo na gia, gauni juu ya suruali, kilemba kichwani. Nyuma yake baiskeli za gharama zinabadilisha gia ka-ka-ka, na wenye nazo wanahema kama mivukuto ya mhunzi.

"Dada Recho," anaita mmoja, "hicho unachopanda ni baiskeli kweli au umeficha mota?"

"Nimeficha ugali!"

Anafika kileleni akicheka. Kicheko kinakatika hapohapo.

Chini kidogo, njia inapoingia shambani, tawi bichi limelazwa katikati. Tawi la mkorosho, na mikorosho ya hapo ni ya mtu mmoja tu.

Recho anashuka. Anaiegemeza Foniksi kwenye nyonga, mikono haina kazi. Evance anamfikia, anaangalia tawi, anaangalia wenzake.

"Jamani, punguzeni mwendo," anatania. "Kuna lori limeharibika mbele."

Wenzake wanaangua kicheko, kwa sababu kila aliyesafiri barabara kuu anajua kwamba tawi njiani ni dereva anayekuambia kuna chombo kimekwama. Recho hacheki.

"Huku porini tawi maana yake njia imefungwa," anasema. "Mzee amenifungia. Sijui nimekosa nini."

Anawaambia wasubiri. Geuza, aliambiwa, lakini miguu haigeuki. Anatembea akilipita tawi la kwanza na la pili, akipanga maneno ya kumwambia mzee, mpaka anapokata kona.

Pikapu nyeupe imezama kwenye mchanga hadi tumboni.

Kumbe mzaha wa Evance ulikuwa kweli tupu. Hussen amekaa kwenye kivuli cha gari lake kama mfiwa. Simu ilimwonyesha njia ya mkato kutokea upande wa Kisarawe, akaona awawahishie wageni maji ya baridi. Alipokwama, akafanya kama afanyavyo dereva yeyote muungwana: akakata matawi, akalaza mbele na nyuma ya gari.

"Nilitaka usalama, dada," anasema.

"Usalama umeukata kwenye mkorosho wa nani, Hussen?"

Mwenye mkorosho anakuja, jembe begani.

Mzee Mwinyimadi analizunguka gari mara moja, polepole. Anaokota tawi, analinusa, anamtazama Recho. Wageni nao wamechoka kusubiri, wameshafika na baiskeli zao.

"Shikamoo, mtani," Recho anasema. "Gari ni la wageni wangu. Wageni wangu ni mimi. Nihukumu mimi."

"Gari langu hilo, mzee," Evance anaingilia. "Dada alitukataza. Hussen, washa tulitoe."

"Nani awashe?" Sauti ya mzee inapanda. "Injini humu haingurumi. Nilisema!"

"Haitanguruma," Recho anasema haraka. Kichwa chake kimepata kazi. "Mtani, humu limeshaingia na kosa limeshafanyika. Lakini kutoka litatoka kama baiskeli, kwa miguu ya watu. Wewe taja faini."

Mtani akiombwa faini, hasira inakosa pa kukaa. Mzee anawapima wageni, kaptula kwa kaptula.

"Walisukume mpaka barabarani," anasema. "Na mimi nakaa ndani."

Basi, panzi wote wa Dar es Salaam wanaweka baiskeli chini na kuinama. Evance anasukuma, viatu vyake vyeupe havionekani tena kwa mchanga. Recho yuko kona ya nyuma, bega kwenye bati, akitoa mwito wa Kisukuma wa kulimia, nao wanaitikia bila kujua maana. Gari linachomoka. Hussen ameshika usukani, na pembeni yake mzee ameshusha kioo, anakula ndizi na kuwapungia majirani kama bwana harusi.

"Msukuma kanunua gari!" anawatangazia. "Lakini mnaona linavyokokotwa? Hawezi kuishi bila kitu cha kuswaga!"

Barabarani Hussen anaruhusiwa kuwasha. Msafara unarudi kuchukua baiskeli na kuelekea nyumbani kwa mzee, ambako mkewe, Bi Biubwa, ana chungu cha mihogo ya nazi mekoni. Lakini Recho hali. Macho yake yako kwenye tawi, ambalo mzee bado analo mkononi.

Mzee analivunja gotini, vipande viwili, vitatu. Anavisukumia chini ya chungu.

"Bichi hilo, litatutia moshi!" Bi Biubwa analalamika.

"Liungue," anasema mzee.

Ndipo Recho anapokula, tena sahani mbili, na moshi unamtoa machozi hadharani bila kuhitaji kujieleza.

Shibe ikimkaa, anasema anachotaka baadaye. Anataka njia iendelee, iteremke hadi Ruvu, kwenye boma la baba yake, wageni wanywe maziwa palepale yanapokamuliwa. "Nilikuwa naukimbia mlio wa mabasi tu," anasema. "Sasa watu wanatoka mjini kuja kupita nilipopita. Najisikia mrefu."

Mzee Mwinyimadi anasikiliza. Yeye na wafugaji hukutana kwenye ofisi ya kijiji tu, kila upande na mashahidi wake. Bomani kwao hajawahi kukanyaga.

"Na mimi nikifika huko?" anauliza. "Ndaki atanipa nini?"

"Maziwa, mtani. Lakini kwa njia yangu, na hakuna gari."

"Baiskeli siijui."

Recho anaipiga karia ya Foniksi kwa kiganja. "Hapa palikaa lita arobaini. Mzaramo mmoja mkavu hatanishinda."

Mzee anainuka, anaibonyeza karia kama anayepima mbuzi mnadani, na kuitikisa. Haichezi.

"Jumamosi, basi," anasema. "Na uweke mto."