Kindege cha Shangazi na Mbega wa Juu

Nakumbuka, mwanangu, kiwanda cha karatasi kilikuwa bado hakijajengwa Mgololo, baba aliponipa kipande cha msitu wa ukoo. "Nusu ulime mahindi, nusu uiache," akasema. Nusu ipi? Hakusema. Nami, kwa kiburi cha kumaliza darasa la saba, sikuuliza.

Juu kulikuwa na miti mikubwa walimolala mbega. Walibaki wachache, wawindaji waliwamaliza kwa ajili ya ngozi. Chini kulikuwa na kichaka, na ndani yake kindege cha kahawia ambacho sauti yake ilisikika kwetu tu, kwingine kilishatoweka. Basi nikakaa nikiwalinganisha. Mbega ana manyoya meupe mabegani, anakutazama kama mtu. Kindege je? Hata jina sikulijua. Leo nikimhurumia huyu, kesho yule, mpaka kichwa kikaniuma. Mwishowe nikaita mgowe, kazi ya ujima, vijana wakaja na mapanga, tukafyeka kichaka, kisha tukanywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Nilijiona nina akili kweli!

Kesho yake jua lilishapanda, shangazi yangu hajatoka nje. Shangazi alikuwa haoni, na wengine walishakwenda shamba. Nikamkuta kaketi kitandani, fimbo mkononi.

"Kamwene, shangazi. Mbona hutoki?"

"Nitoke wapi na giza hili? Kindege hakijaimba."

"Jogoo je?"

"Jogoo wenu mwongo, anawika hata saa nane usiku."

Loh! Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza yote. Akasema taratibu, "Kindege ulikipima kwa macho yako. Mimi hukuniuliza."

Na mbega wenyewe? Kumbe walikuwa wakishuka kichakani kula matunda. Mwezi haukuisha, wakahama. Sasa ningekata miti ya juu, kindege kingebaki? Sijui, mwanangu. Usinitazame hivyo, miaka yote hii nauliza na sipati jibu.

Ninachojua ni hiki: ukiambiwa uchague, kwanza uliza nani anakitegemea kile unachokidharau. Uliza hata kama una cheti.

Tangu siku ile, mpaka shangazi anafariki, nilikuwa nikigonga mlango wake kila asubuhi. "Shangazi, kumekucha." Naye hujibu, "Una hakika?"

Mungu akujalie masikio, mwanangu, na asikunyime mtu wa kukuamsha.