Niambie Kabla

Nikuambie mapema ili tusisumbuane: mwisho wa habari hii mlango unagongwa, na mama yangu anacheka. Kama nimekuharibia, pole, lakini maneno yakishatoka hayarudi. Nimegombezwa miaka mingi kwa kosa hili la kusema mwisho. Nimeitwa mdomo mrefu, nimetishiwa kufukuzwa sebuleni kwa watu mchana kweupe, na mpaka leo sioni kosa langu liko wapi. Isipokuwa mara moja, na hiyo nitaieleza pia, sitaificha.

Nililelewa Makina, Kibera, nyuma ya banda la video. Lilikuwa la mabati pande zote, na matundu yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Filamu zilikuwa za nje, lakini juu yake kulikuwa na sauti ya dijei wetu akisimulia kwa Kiswahili, na dijei huyo hakuwa na subira hata kidogo. Staring, yaani shujaa wa filamu, ndiyo kwanza anaingia, dijei ameshatutobolea siri: huyu rafiki mnayemwona akicheka naye ndiye atakayemuuza kwa adui, mwangalieni vizuri. Nasi tulimwangalia vizuri. Kila alipotabasamu tulimzomea. Kama tusingeambiwa, tungeona watu wawili wanacheka tu, basi.

Watoto hatukuingia wote siku moja. Waliobahatika kuingia kwanza walitoka wakatusimulia sisi wengine mwanzo hadi mwisho, pamoja na milio ya ngumi. Zamu yetu ilipofika tulikaa benchi la mbele, tunajua nani atakufa na atafia wapi, na mioyo ilitudunda vilevile. Raha kubwa kuliko zote ilikuwa kumgusa mwenzako kwa kiwiko na kumwambia, "Ngoja sasa." Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyelalamika kwamba ameharibiwa.

Neno hilo la kuharibiwa nilikutana nalo nikiwa mtu mzima, Kawangware.

Tulihamia huko mimi na mama baada ya macho yake kuanza kumsaliti. Mama alikuwa ametoka Kitui na ufundi wake wa cherehani, akaufanyia kazi Soko la Toi miaka na miaka. Suruali ya mtumba iliyomvaa mtu kama gunia, yeye aliibana ikakaa kama imekatiwa mwenyewe. Presha ya macho ilimwanzia pembeni, ikamjia katikati polepole. Siku aliposhonea mteja mkono wa shati ndani nje, alifunga cherehani na hakuifungua tena. Hakungoja kuambiwa. Mimi nilikuwa nasuka nywele kwenye saluni moja Riruta, kwa hiyo tukapanga chumba karibu na kazi yangu.

Mwenye ploti alikuwa mama mtu mzima, mjane, ambaye shamba lile lilikuwa la ukoo wao kabla hata barabara haijafika. Wapangaji tulimwita Shosh, yaani nyanya. Kila Jumapili saa tisa, watu wakishatoka kanisani, alitufungulia sebule yake wanawake wa ploti tukaangalie marudio ya tamthilia moja ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilikuwa ya mama aliyeibiwa mtoto wake mchanga na wifi yake, na mtoto akakua kuwa dereva katika nyumba ileile bila kujuana. Kulikuwa na chai ya maziwa kwenye thamosi mbili na mandazi ya Shosh. Kwa mama yangu, ambaye hakwenda tena sokoni, wala hakuweza kushika sindano, saa mbili hizo ndizo zilizokuwa zimebaki za kukaa na watu. Siku sita zilizosalia alikaa na redio.

Mwanzoni nilimsimulia mambo yakitendeka. Haikufaa. Nikisema ameshika barua, sauti yangu inafunika ya mwenye barua, na wanawake wananiambia shii. Mama ndiye aliyegundua dawa.

"Niambie kabla," alisema. "Ukishaniambia, nyamaza. Nitasikia mwenyewe."

Hilo liliwezekana kwa sababu saluni yetu ilikuwa na televisheni, na jioni za kazi tulisuka huku tukiangalia. Jumapili ilipofika nilikuwa nayo yote kichwani. Matangazo ya biashara yakiingia, namwinamia mama sikioni: wifi ataingia na supu, ataweka kijiko mezani mara mbili, na ile ya pili ndiyo anaficha barua chini ya kitambaa. Halafu nanyamaza. Mama anasikiliza. Kijiko cha kwanza. Kijiko cha pili. Ananiminya mkono. Wenye macho mawili hawakuiona ile barua, na kijiko cha pili hawakukisikia.

Nilimuuliza siku moja kama hakosi utamu kwa kujua mapema. Alinishangaa. Alisema hajawahi kutia mkasi kwenye kitambaa kabla ya kujua nguo itaishia wapi, na hakuna siku kazi ilimchosha kwa sababu hiyo.

Na ukitaka ushahidi mwingine, njoo kanisani kwetu Ijumaa Kuu. Wanawake walewale wa ploti wanalia mpaka leso zinalowa, na hakuna asiyejua kitakachotokea Jumapili asubuhi. Sijasikia mtu akimwambia mchungaji awaachie wajionee wenyewe.

Lakini jirani yetu wa nyumba ya nne hakutaka kusikia hayo. Alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, anafanya kazi ya kupokea simu za wateja mjini, amezoea mambo ya mtandaoni ambako watu hutukanana kwa kutobolewa siri ya filamu. Ndiye aliyetuletea hilo neno sebuleni. Kila nilipomwinamia mama, yeye aliziba masikio kwa vidole vyote, kwa maonyesho, kama mtoto anayekataa dawa.

Sasa lile kosa langu. Jumamosi moja tulikutana kwenye mfereji, akaniambia mbele ya watu kwamba nampeleka mama yangu mahali pa watu wenye macho yao na kumsumbua kila mtu. Hasira zikanipanda. Nikamwambia, huku mtungi wangu unajaa taratibu, kwamba yule mzee wa bustani wa kwenye tamthilia, ambaye yeye alimpenda sana, angekufa kesho, nikamwambia na jinsi atakavyokufa, na maneno yake ya mwisho. Sikubakisha kitu.

Nilitarajia matusi.

"Mi huingia job siku sita," alisema. "Hiyo kitu ndiyo yangu pekee kwa wiki. Si ungeniachia tu?"

Nilibeba maji yangu nikaondoka, na nilijiona mdogo kuliko kifuniko cha mtungi. Hapo nilikosea, nakiri. Lakini nielewe vizuri: sikukosea kwa kusema mwisho. Nilikosea kwa kuutumia kama jiwe. Mama aliuomba, yeye hakuuomba, na mtu anayepewa asichoomba ana haki ya kulia. Nilimpelekea ombi la msamaha jioni ileile. Alifungua mlango kidogo, akaitikia kwa kichwa, akafunga.

Alikuwa ameshafika kwa Shosh kunishtaki. Jumapili, kabla televisheni haijawashwa, Shosh alisimama katikati ya sebule na thamosi mkononi.

"Hapa kwangu," alisema, "mtu akisema kitu haijafika, atoke. Hata kama anaambia mwenye haoni."

Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilitaka kumjibu Shosh vibaya, kodi au si kodi, lakini mama alinishika goti, nikameza. Tukakaa. Mzee wa bustani akafa. Mama alisikia vishindo, kimya, halafu wanawake wakivuta kamasi, na aligeuza uso huku na huku akitafuta huzuni ilipo. Yeye alikuwa hajaambiwa, kwa sababu mimi nilitegemea matangazo kama kawaida. Ilipofika nusu aliniomba nimrudishe chumbani.

"Nimekaa pale kama mzigo wa mtu," aliniambia. Jumapili iliyofuata alisema mgongo unamuuma, na ile ya baada yake akasema kichwa. Redio ilikuwa imewashwa lakini hakuwa akiisikiliza.

Nami si mtu wa kuachia hapo. Shosh alikuwa na mamlaka na sebule yake. Chumba changu nilikuwa nakilipia. Jumapili ya tatu nilifunga mlango saa nane, nikamkalisha mama kitandani, nikamsimulia kipindi kizima kwa mpangilio: nani anaingia, viatu vyake vinalia vipi, nani ananyamaza na kwa nini. Alinirudishia yote kama somo. Halafu nikamvisha kitenge chake kizuri, nikamshika mkono, tukavuka uwanja wa ploti. Sebuleni sikufungua mdomo hata mara moja.

Wala haikuhitajika. Mama hakuwahi kujua kuficha uso wake. Asiyejiona muda mrefu husahau. Wifi akiingia na maneno matamu, mama ananuna. Kijana dereva akikaribia kuumbuka, mama anashika leso. Wiki ya pili nikaona kitu: wanawake wameanza kumtazama. Mama akishika leso, sebule nzima inaacha kutafuna. Wiki ya tatu hata jirani wa nyumba ya nne alikuwa amehamisha kiti chake, kwa kisingizio cha dirisha, mahali ambapo angeona skrini kwa jicho moja na mama kwa jingine. Nilinyamaza na chai yangu nikajisikia tajiri. Watu waliokataa kuambiwa walikuwa wakinyang'anyana kuambiwa.

Halafu ikaja ya mwisho. Kituo kilitangaza kwamba kipindi cha kufunga hakitaonyeshwa siku ya kazi, kitaonyeshwa Jumapili tu, mara moja, kwa wote. Saluni haikuweza kunisaidia. Nilitafuta kwenye simu nikapata miisho mitatu tofauti, kila mmoja umeandikwa na mtu anayeapa: kijana anakufa, kijana anakimbilia nje ya nchi, kijana anarudi kwa mamake. Kwenye duka la muvi walikuwa nayo kwenye flashi, lakini kwa lugha yake ya kigeni, nami bila maneno singejua nimwambie mama nini. Saa nane ya Jumapili ile nilikaa kitandani kando yake nikamwambia ukweli kwamba sijui.

Nilidhani atataja mgongo.

"Twende hivyohivyo," alisema. "Nikishindwa utanirudisha." Lakini mkono wake ulikuwa baridi tulipovuka uwanja.

Sebule ilijaa. Wanawake walimtazama mama kama kawaida na hawakuona kitu usoni pake, na nikaona wanavyohangaika, wanageukiana. Kipindi kikaendelea. Palikuwa na ugomvi, gari likaondoka, mvua, kisha kilio cha chini ambacho hakikuwa na maneno. Mama aligeuza uso kushoto, akaugeuza kulia.

"Ni nani huyo analia?" aliuliza kwa sauti.

Hakuna aliyejibu. Sheria ni sheria. Nilifungua mdomo, niko tayari kufukuzwa, niko tayari kuhama ploti kesho yake, na sikuwa na la kumwambia zaidi ya kilichokuwa mbele yangu.

Shosh aliinuka kwenye kiti chake cha mto. Alinisukuma kwa kiuno nisogee, akakaa kando ya mama, akamshika mkono.

"Fundi," alimwambia, "hiyo ni mamake analia. Wachana na yeye. Saa hii mlango itagongwa. Ni kijana amerudi."

Kikombe cha jirani wa nyumba ya nne kilibaki katikati ya meza na mdomo wake. Shosh hakumwangalia mtu.

"Nilichukua flashi kitambo," alisema. "Nimeiona mara tatu, na sijui hiyo lugha. Na bado nimekuja."

Ningependa kukuambia kwamba sikumcheka. Nilimcheka kwa sauti, mbele ya mandazi yake, na sijaomba msamaha. Yeye mwenyewe alinikata jicho, kisha mdomo ukamponyoka pembeni, akanisogezea thamosi.

Sasa kila mtu mle ndani alijua, mpaka aliyeziba masikio, na hakuna aliyethubutu hata kumeza. Mama alikuwa amekaa wima, leso ameikunja mapajani, uso ameuelekeza sawasawa kwenye televisheni. Mvua ilipungua. Viatu vilikuja juu ya kokoto, taratibu, vikasimama. Nilimtazama mama, kila mtu alimtazama mama, na alikuwa ameshaanza kucheka.

Mlango ukagongwa.