Sinia la Mbalaga na Alama ya Dola

Jairo alianza kumshuku Tulinagwe siku binti huyo alipoacha kula nao.

Ofisi yao ya Tukuyu ilikuwa na watu watatu, na mezani sinia moja la mbalaga, ndizi za kupika, walilokula pamoja. Walitunza mfumo wa kompyuta uliopokea vipimo vya maziwa kutoka Ikuti na Suma, kisha ukamtumia kila mfugaji ujumbe. Jairo ndiye aliyeuandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, na mvua ilipokata mtandao na mfumo ukachanganyikiwa, ni yeye tu aliyejua pa kuushika.

Tulinagwe alitaka wahamie lugha nyingine, Python. Vijana wote wanaotoka vyuoni wanaijua, alisema; Jairo akiugua, nani atarekebisha? Jairo alilisikia swali hilo kama mtu anayepimiwa sanda. Tangu hapo kila mchana binti aliondoka na kompyuta yake, na Jairo akipita nyuma yake, aliifunika. Kwao, anayekula peke yake huangaliwa mara mbili.

Jumatatu moja Tulinagwe akarudi mezani. Mfumo mpya umekamilika, akawaambia.

“Umeupikia wapi?” Jairo akauliza.

“Nyumbani.”

“Peke yako?”

Hafidhi, aliyekaa kati yao, akaacha kutafuna. Tulinagwe akaliangalia sinia, kisha mlango, kama mtu aliyegundua amekanyaga mkeka wa watu na viatu.

“Kaka Jairo, nilikuwa nakosea kila mstari. Niliona haya, nikahofia utanicheka.”

Jairo hakuamini. Uongo mzuri nao huja na haya. Lakini binti alisogeza mbalaga pembeni, akamsukumia kompyuta, akamwomba aandike mwenyewe sehemu ya kuushika mfumo mtandao unapokatika.

Jairo akaandika. Mashine ikamrudishia maandishi mekundu ya kosa. Vidole vyake vilikuwa vimeanza neno kwa alama ya dola, kama PHP ilivyomzoesha miaka yote.

“Mzee, huku dola zako hazipokelewi,” Hafidhi akasema.

Jairo akacheka kabla hajajizuia. Akaifuta dola, akajaribu tena, ikakubali.

Akatoa masharti: kazi ianze upya, hapa mezani, mlango wazi, na mfumo wa zamani usizimwe mpaka mvua ipite. Tulinagwe akakubali upesi. Upesi mno, Jairo akawaza.

Akakata ndizi vipande viwili, akamsogezea binti kimoja. Hakugusa kompyuta tena mpaka alipomwona amemeza.