Skrubu za Mguu wa Nyuma

Fusae Komaba alikuwa mwoga, na hakuona aibu kusema hivyo. Aliogopa radi, aliogopa nyoka, na kuliko vyote aliogopa ubao wa mumewe wa kuteleza kwenye theluji. Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyekuwa fundi wa ubao huo. Vidole vya mumewe, Morio, vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hata kifungo cha shati kilimtoa jasho. Kwa hiyo mkewe ndiye aliyenoa makali ya chuma ya ubao ule, akapiga nta kwa pasi ili uteleze, akafunga vibanio vya miguu: wa mbele nyuzi sitini, wa nyuma pungufu kidogo, vidole vyote vikitazama aendako. Mzee alivaa viatu vigumu vya plastiki na hakutaka kusikia habari za mtindo mwingine.

"Nikivunjika shingo, Mama, wote watajua wa kumlaumu," Morio alizoea kumtania huku akinywa supu yake ya miso.

"Vunjika tu. Nitaolewa na mwenye akili zake."

Asubuhi ile ya mwezi wa pili Morio aliondoka ubao begani, awahi lifti ya kwanza ya kupandia mlimani kabla watalii hawajaichafua theluji. Fusae akabaki katika jiko la nyumba yao ya wageni. Akabandika birika la chai, akakata achari ya majani, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta kitambaa. Mkono ukagusa bisibisi.

Bisibisi ile hukaa kwenye msumari ukutani mwa banda, naye huitundika mwisho wa kazi, si kabla. Kila anapopiga nta hulegeza kwanza skrubu za vibanio, maana zikiwa zimekaza na pasi ikapita, sehemu ya chini ya ubao hubonyea. Akishamaliza, hukaza, hutundika bisibisi, hufunga banda. Jana alilegeza. Alikumbuka pasi, alikumbuka moshi wa nta, alikumbuka kukwangua. Kisha simu ililia, mgeni akiulizia chumba. Kisha? Hapakuwa na kitu. Alijaribu kukumbuka hadi kichwa kikauma.

Akatoka mbio na viatu vya jikoni.

Njiani aliona kila kitu kabla hakijatokea. Usiku barafu ilikuwa imekamata, na kwenye theluji ngumu Morio hukimbia kama aliyeiba. Akikata kona kwa kulalia visigino, uzito wote unakwenda mguu wa nyuma. Kibanio kikichomoka hapo na mguu mwingine umefungwa, goti linasokotwa, na kiatu kigumu hakiachii. Na huo ni msiba mdogo. Mkubwa ni miti iliyo pembeni.

Chini ya mteremko Tokutake, mwendesha lifti aliyesoma darasa moja na Morio, alikuwa akifagia theluji kwenye viti.

"We Fusae, unakimbizwa na dubu?"

"Piga simu juu! Mzuieni Morio asishuke! Skrubu zimelegea!"

Tokutake akaacha utani, akanyanyua simu ya kibandani. "Mzee wako siku hizi anachelewa sana huko juu," alisema akingoja kujibiwa. "Kila siku anajificha nyuma ya kibanda cha huko. Tunadhani anakojoa." Kisha akasikiliza, na uso ukambadilika. "Ameshaondoka."

Fusae alimwona. Nukta nyeusi juu kabisa, kisha mtu. Aliijua miendo ile kuliko mumewe alivyoijua. Macho yanatangulia kona, mabega yanafuata, ubao unapinduka na kusimama kwa ukingo wake. Upande wa vidole magoti yalizama mpaka yakakaribia kugusa theluji. Alipita salama. Sasa visigino. Morio alikaa chini kama anayetafuta kiti, nyonga ikiteleza shubiri moja juu ya barafu, na nyuma yake ukabaki mchirizi mmoja mwembamba. Fusae aliuma aproni yake asipige kelele. Kona nyingine. Nyingine tena. Kila alipogeukia visigino, Fusae alihisi anakufa.

Morio akafika, akasimama, akamrushia vumbi la theluji miguuni.

"Mama! Umekuja kunishangilia na aproni?"

"Skrubu! Baba, sikukaza skrubu!"

"Zimekaza."

Hakuamini. Akapiga magoti, akatikisa vibanio kwa mikono miwili. Havikucheza hata kidogo. Akaanza kucheka, machozi yakimtoka. "Basi nilikaza nikasahau! Nizike tu, nimezeeka!"

Morio hakucheka. Mtu aliyekuwa akitania hata matangani alikuwa akitazama glavu zake, na hilo lilimtisha Fusae kuliko mteremko. Polepole mzee akatoa mfukoni bisibisi fupi, mpini wake umezungushiwa kitambaa kinene ili vidole vyake vibovu viweze kuushika.

"Nyuma ya kibanda," Fusae alisema. "Tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

"Na leo?"

"Za mbele zilikuwa sawa. Za mguu wa nyuma ulizisahau zote. Nimezikaza mimi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, Mama."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Baridi ikampanda Fusae kutoka kwenye viatu vyake vilivyolowa. Akawaza mambo mengine ya nyumbani, moja baada ya jingine, yale aliyodhani yalikwenda vizuri.

"Na gesi ya jikoni?"

"Huwa naizima mimi. Nazunguka kabla sijatoka."

"Kabla hujatoka," alirudia Fusae. "Baba, birika nimelibandika ulipokwisha kuondoka, na bado liko motoni. Na wageni wamelala."

Wote wawili wakageuka kutazama paa la nyumba yao kule chini. Morio akafyatua vibanio, akauacha ubao palepale kwenye theluji, akamshika mkewe mkono, na wakaanza kukimbia.