Vyeti Visivyo na Baba

Sogea karibu nikueleze, ila ucheke taratibu, maana aibu hii bado inanichoma masikio.

Miaka ile ya sabini nilikuwa mwandishi wa programu Dar es Salaam (programu ni maagizo tu ambayo kompyuta huyafuata hatua kwa hatua, kama mtu anayesomewa namna ya kupika pilau, usiogope), nikapewa kazi ya kuchapa vyeti vya watu wazima waliohitimu kisomo kwetu Bagamoyo. Programu zilikuwepo mbili. Moja aliiandika mwenzangu Rashidi, na kila agizo lake lilikuwa wazi kwenye karatasi, ukitaka soma, ukitaka rekebisha; ya pili ilitoka ng'ambo, maagizo yake yamefichwa, lakini ilikuwa na mbio na mpangilio wa kupendeza ajabu.

"Bwana, utalaje pilau usiyojua kilichotiwa?" Rashidi akaniuliza.

Nikamcheka. Nikaijaribu ile ya ng'ambo kwa jina langu, Hamisi Kondo, likatoka safi, basi nikachapa vyeti vyote na kuvifunga bila hata kuvitazama (ujuaji huo!).

Siku ya sherehe uwanja wa shule umefurika, mwalimu akaita, "Juma Bin!" Wakasimama wanaume saba.

"Bin nani, mwalimu?" akauliza mzee mmoja wa kijiji cha Fukayosi. "Au ndiyo ujamaa, cheti kimoja tugawane?"

Watu hoi kwa kicheko, mimi jasho. Kumbe walioitengeneza programu ile, kwao mtu ana majina mawili, kwa hiyo kwa kila jina ilichukua maneno mawili ya mwanzo, mengine ikayatupa. Akaitwa shangazi yangu, Mwanaidi binti Shomari, aliyesoma mwaka mzima ili alisome jina lake mwenyewe. Akakishika cheti, akafuatisha kwa kidole, kidole kikasimama kwenye "binti".

"Hamisi, nimejifunza kusoma nije nisome kwamba sina baba?"

Hapo hakuna aliyecheka. (Na huyo baba yake ndiye babu yangu!) Nikaomba kalamu, nikapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, shangazi."

"Andika, mwanangu. Sho. Ma. Ri." Uwanja mzima ukapiga makofi.

Jumatatu nikamfuata Rashidi kichwa chini, tukaongeza agizo moja tu kwenye programu yake, la kuchapa jina lote hata liwe refu vipi, tukachapa upya vyeti vyote isipokuwa kimoja: shangazi alikataa katakata kurudisha chake.

Basi nawe, ukiletewa programu, omba kwanza karatasi ya maagizo yake. Ukinyimwa, ijaribu kwa jina kamili la shangazi yako, si kwa lako.