Mashimo Meusi na Sukari ya Kijiji

Laurian alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Nyamigogo, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kujua jambo akanyamaza. Redio aliinunua afuate habari za vita. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi kwenye muziki. Yeye akahamia vipindi vya sayansi. Kila mtu na hasara yake.

Jioni moja akaweka kando somo la Kilimo cha Kufa na Kupona, akawapa akina mama wa darasa lake habari mpya. Mbali kupita nyota zote tuzionazo, wataalamu wanafikiri yapo mashimo meusi makubwa ajabu, mawili mawili, yanazungukana. Kinachoingia humo hakitoki, hata mwanga.

"Kama hayaonekani, wameyajuaje?" akauliza Ernesta, mjane asiyeogopa mtu.

"Vitu vinavyokaribia kumezwa huwaka, mama. Mwanga ukipanda na kushuka kwa zamu, wanashuku yapo mawili. Tena yakizungukana, anga lenyewe linatikisika, mawimbi yanafika mpaka hapa. Ila chombo cha kuyasikia bado hakijapatikana."

"Basi mwalimu, hayo tunayo hapa kijijini," akasema Ernesta. "Lori la sukari likija, ardhi inatikisika. Halafu taa ya duka inawaka, inafifia, inawaka. Asubuhi sukari hakuna."

Darasa likacheka mpaka watoto migongoni wakaamka. Laurian naye akacheka, na hapo ndipo alipojiponza.

Duka la kijiji lilikuwa mikononi mwa mwenyekiti Kazimili na katibu Ansbert, watu ambao hawakusalimiana ila kwa ajili ya sukari. Kesho yake wote wawili walikwenda wilayani, kila mmoja kwa njia yake, kushitaki kwamba mwalimu anatukana uongozi, aondolewe. Laurian hakula siku hiyo. Darasa lile, lililokuwa ndiyo kwanza linaanza kuunganisha silabi, alilipenda kama mboni ya jicho.

Ofisa wa wilaya akaja, akaitisha mkutano. "Nani alimsikia mwalimu akimtaja kiongozi?"

"Mwanangu, sisi tulifundishwa mambo ya mbinguni," akajibu Ernesta.

"Basi nani alielewa kwamba mashimo hayo ni viongozi?"

Ikainuka mikono miwili tu: wa Kazimili na wa Ansbert. Wakatazamana.

"Lile kubwa ni yeye," akasema Kazimili.

"Mwongo! Lori linashushia kwako!"

Jiwe la gizani: apigaye yowe ndiye limempata. Mkutano ukaangua kicheko, ofisa akajifuta machozi, na Laurian akapumua, akijua amepona.

Ofisa alikuwa mpenda haki, akaamua kwa haki. Kuhamisha viongozi wawili kungeleta vurugu; kuhamisha mwalimu kulihitaji baiskeli tu. Laurian akapelekwa kijiji kingine, Nyakisasa.

Ernesta alimsindikiza mpaka barabarani akilia waziwazi, akauliza nani sasa atawafundisha. Laurian akamwambia ataletwa mwalimu mwingine, na alisema hivyo kwa moyo safi. Mpaka Ernesta anafariki, alikuwa bado anatia dole gumba mahali pa saini.